Chungu Kimoja: Mhadhara kwa Wazazi Wenye Kazi Kuhusu Ulaji na Uzito

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mliopo, shikamooni. Wazazi wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna mzazi anayefanya kazi katika jiji hili la Dar es Salaam anavyoweza kula vizuri na kupunguza uzito. Naomba nianze na saa tatu usiku, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapokutana na mlo wa kwanza wa maana kwa siku nzima. Mzazi anayekaa Mbagala, Bunju au Gongo la Mboto na kufanya kazi Posta au Kariakoo ameamka saa kumi na nusu alfajiri, amemwandaa mtoto wa gari la shule, amekunywa chai yenye sukari nyingi na maandazi mawili akiwa amesimama, mchana amekula alichokipata, jioni amekaa kwenye foleni mpaka njaa ikageuka kuwa maumivu ya kichwa, na akifika nyumbani anakuta wali umefunikwa mezani. Mtu huyo akijaza sahani mara mbili kisha akaenda kulala, hatuna haki ya kumwita mlafi. Amefika na njaa ya siku nzima, na mwenye njaa ya namna hiyo hapimi.

Kwa hiyo sikuja na orodha ya vyakula vya kujinyima. Ninachoamini, baada ya miaka mingi ya kutoa ushauri wa lishe na baada ya kuhangaika na uzito wangu mwenyewe, ni kwamba mzazi hapungui kwa kupikiwa chakula chake peke yake. Anapungua pale chungu cha nyumba nzima kinapobadilika, na pale anapoamua kitakachoingia chunguni kabla njaa haijaanza kuamua kwa niaba yake.

Nilijifunza hili kwa kukosea. Baada ya kumzaa mtoto wangu wa tatu, na baada ya kumwachisha ziwa, nilianza kujipikia kabichi ya kuchemsha na yai moja, huku familia ikiendelea na wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Siku ya tisa nilijikuta nimesimama kwenye sinki nikimalizia makombo ya wali kwenye sahani za watoto, moja baada ya nyingine, kabla ya kuziosha. Nilikuwa nakula chakula kilekile nilichokikataa mezani, tena bila kukaa na bila kukionea ladha. Nyumba yenye vyungu viwili humchosha mpishi, na mpishi aliyechoka hurudi kwenye chungu kikubwa.

Ndipo nikaamua kukichunguza chungu hicho. Nilinunua dumu la mafuta ya kula la lita 5, nikaandika tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, na sikumwambia mtu yeyote apunguze chochote. Tulikuwa watu 5, na dumu lilikwisha siku ya 21. Ukigawanya, kila mtu alikuwa anakula karibu mililita 48 kwa siku, yaani zaidi ya vijiko vitatu vya chakula, na sisi watu wazima bila shaka tulikula zaidi ya watoto. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, yaani kipimo cha nishati ya chakula, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4 tu. Mililita zile 48 zilikuwa na kilokalori zipatazo 390, na hakuna mtu nyumbani ambaye angekumbuka kwamba amekula mafuta siku hiyo. Tulikumbuka wali, maharage na mchicha.

Mara nyingi mtu huniambia, «Lakini mimi natumia alizeti.» Ni kweli kwamba mafuta ya alizeti ni bora kwa moyo kuliko mafuta yanayoganda, lakini kwa upande wa uzito mafuta yote ya maji ni mamoja: kijiko kimoja cha chakula kina kilokalori karibu 120, yawe ya alizeti, ya pamba au ya zeituni.

Tulichofanya baada ya hapo kilikuwa kidogo sana. Kijiko kikafungwa kwa uzi kwenye shingo ya dumu, ili mtu asimimine moja kwa moja kwenye sufuria. Kitunguu kikaanza kukaangwa kwa kijiko kimoja au viwili, na kikianza kushika kinaongezwa maji kidogo badala ya mafuta. Samaki akahamia kwenye mchuzi au kwenye jiko la mkaa, akapakwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Wali wa nazi ukabaki wa siku moja kwa wiki, na chapati zikabaki za Jumapili, zikapikwa vizuri na kuliwa kwa furaha, kwa sababu sikubali kwamba afya inamtaka mtu wa Pwani aache chakula cha kwao. Dumu lililofuata lilifika siku ya 38. Kilokalori kama 170 kwa kila mtu kila siku zilikuwa zimeondoka, na mtoto mmoja tu ndiye aliyelalamika, kuhusu samaki, kwa muda wa wiki moja.

Sasa sahani. Kanuni inayofundishwa sehemu nyingi duniani ni kwamba nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe wanga, na robo iwe chakula cha protini. Hapa kwetu kanuni hiyo inajikwaa kwenye lugha. Mama akiuliza, «Leo mboga nini?» anaweza kujibiwa, «Nyama,» na akaridhika, kwa sababu kwetu mboga ni chochote kinachosindikiza ugali. Ninaposema mboga nina maana ya mchicha, matembele, kisamvu, mnafu, bamia, biringanya, kabichi na maboga. Tena ule mchicha uliowekwa pembeni ya ugali, wa kufikisha tonge tatu, hautoshi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Katika masoko yetu, Ilala, Mabibo, Tandale na kwingineko, mafungu ya majani ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu kabisa, kwa hiyo kinachotukwamisha zaidi ni muda wa kuchambua.

Muda huo unapatikana mwisho wa wiki, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Jumamosi usiku loweka maharage kilo moja na nusu. Jumapili yachemshe yote kwa mara moja, bila kuyaunga, kisha yagawe kwenye makopo au mifuko ya kutosha mlo mmoja mmoja na uyaweke kwenye freza. Siku ya kazi kinachobaki ni kuyaunga kwa kitunguu, nyanya na karoti kwa dakika kumi na tano. Majani chambua, osha, yaache yajichuje maji, yafunge kwenye kitambaa kikavu na uyaweke kwenye friji, yatakufikisha Jumatano. Asiyekuwa na friji asijione ametengwa: choroko huiva haraka kuliko maharage, na dagaa wakavu hukaa wiki nyingi, hupikika upesi, na kwa kuwa tunawala wazima pamoja na mifupa, hutupatia madini ya chokaa ambayo nyama haitupi.

Naomba nikae kidogo kwenye jambo ambalo halisemwi katika mihadhara ya aina hii. Katika nyumba nyingi za wafanyakazi wa Dar es Salaam, mpishi si baba wala mama. Ni dada anayetusaidia kazi. Yeye ndiye anayemimina mafuta, yeye ndiye anayepima mchele, na yeye ndiye anayeamua mtoto apewe nini saa kumi jioni. Ukirudi na mpango wako wa lishe ukamtupia kama amri, ataufuata siku mbili. Kaa naye. Mweleze kwa nini, pikeni pamoja Jumapili mbili, mwonyeshe kijiko, mwulize yeye anafahamu namna gani ya kupika kisamvu bila mafuta mengi, kwa maana huenda kwao kinapikwa kwa karanga za kutwanga na ni kitamu kuliko chako. Mimi niliyekuja kuwafundisha nilifundishwa mchuzi wa mlenda na binti wa miaka ishirini na mbili.

Turudi kwenye ile njaa ya saa tatu usiku. Dawa yake ni kuikata saa kumi na moja jioni, kabla hujaingia kwenye foleni. Ndizi mbivu moja na karanga za kuchoma zinazojaa kiganja, au chungwa na yai la kuchemsha, vinatosha kukufikisha nyumbani ukiwa mtu mwenye uwezo wa kuchagua. Anayepita mbele ya banda la chipsi saa mbili usiku akiwa hajala tangu mchana hashindani na tamaa yake. Anashindana na mwili unaodai haki yake, na mara nyingi mwili hushinda.

Kuhusu chakula cha mchana, mama ntilie anasingiziwa bure. Chakula chake ni cha nyumbani: maharage, samaki, majani na tikitimaji kipande. Mwambie tu, kwa adabu, «Mama, nipunguzie wali, niongezee mboga, na tafadhali usinimwagie mafuta ya juu ya mchuzi.» Wali uliopikwa una kilokalori 130 hivi kwa gramu 100, na ile sahani ya mlima inaweza kufika gramu 500 bila shida. Ukiondoa theluthi moja tu kila mchana, umefanya kazi kubwa.

Sukari nitaipitia haraka kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Kijiko cha chai kina gramu 4 hivi. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni gramu 36. Ukiongeza soda moja ya mililita 350 umezidi gramu 70. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 ni gramu 50. Juisi iliyochujwa nayo imo kwenye hesabu hiyo, hata kama umeikamua mwenyewe. Kula embe lenyewe.

Na mazoezi? Yanahitajika kwa ajili ya moyo, sukari, mifupa na usingizi, na mtu mzima anashauriwa apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumfanya ahemeke kidogo. Kushuka kituo kimoja kabla ya chako na kutembea kwa haraka kunaingia kwenye hesabu, ikiwa njia ni salama. Lakini msiwe na matumaini kwamba kutembea kutaziondoa sahani mbili za usiku, kwa sababu uzito hupungua zaidi kwa chakula.

Lengo lenu liwe la kiasi. Huko Marekani ulichapishwa mwaka 2002 utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa kwenye hatari ya kupata kisukari. Kundi lililopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki lilipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58 likilinganishwa na kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa mwenye kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Mimi nilipungua kilo 11, na zilinichukua miezi 14.

Jiandaeni pia kwa maneno. Katika jamii yetu anayenenepa huambiwa amenawiri, na anayepungua huulizwa anaumwa nini. Nimekutana na kina mama walioacha kila kitu kwa sababu ya shangazi mmoja msibani aliyesema, «Mwanangu, umekonda hivyo, mume anakutesa?» Jibu lililonisaidia mimi lilikuwa la heshima na la ukweli: «Shangazi, sijakonda, nimepungua, na presha yangu imeshuka.» Maneno hayo mawili, kukonda na kupungua, hayana maana moja, na ni vizuri ukoo uisikie tofauti kutoka kwako mapema.

Kuna watu ambao hawapaswi kuanza bila kumwona daktari: mjamzito, anayenyonyesha, na hasa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, maana akipunguza chakula ghafla bila dawa kurekebishwa, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Zile chai za kupunguza tumbo nazo nyingi zinaharisha au kukojoza. Mizani inashuka kwa sababu ya maji, na maji yanarudi. Mtoto asiwekwe kwenye mizani ya mama yake wala asiambiwe kwamba ni mnene. Anakula kwenye chungu kilekile, na hilo linamtosha.

Pale nyuma mezani nimeweka mpira wa uzi na mkasi. Kabla hamjaondoka, kila mmoja akate uzi ulio sawa na urefu wake kutoka kisiginoni hadi utosini, aukunje katikati, kisha auzungushe kiunoni usawa wa juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, uhifadhi uzi huo kwenye droo ya jikoni, karibu na kile kijiko cha mafuta, na uupime tena kila mwisho wa mwezi. Mimi wa kwangu bado ninao.