Rufaa Huanza Kabla ya Ambulensi Kuwashwa

Mhadhara kwa wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari wa familia, Kisumu

Wenzangu, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie jinsi tovuti inavyoweza kuwafikishia miongozo ya rufaa wale wanaomwona mgonjwa kwanza. Naomba kompyuta zingoje kidogo. Tuanze na mama mwenye mimba ya wiki 34 aliyefika kituo cha afya upande wa Nyakach saa tatu usiku. Kichwa kinamgonga, macho yanaona nyotanyota, presha ni 170 kwa 115.

Hakuna mtu humu ukumbini asiyejua kwamba mama huyu apelekwe hospitali kubwa. Kinachomkaba sista aliye zamu peke yake ni maswali mengine. Nimchome kwanza magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, au nimkimbize hivi hivi? Kiasi gani? Aende hospitali ya kaunti ndogo au moja kwa moja Jaramogi, hospitali kubwa ya rufaa ya hapa Kisumu, ile ambayo wengi wetu bado twaiita Russia? Na nimpigie nani ili wamngoje?

Swali la dozi lina jibu, na jibu lenyewe si geni. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kituo kisichoweza kutoa matibabu kamili ya magnesiamu kimpe mama wa namna hii dozi ya kwanza, kisha kimpeleke mbele mara moja. Kwa utaratibu tuliouzoea ni gramu 4 mshipani, polepole, na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Mama aliyepata dozi hiyo anasafiri akiwa na kinga dhidi ya kifafa cha mimba. Asiyeipata anaweza kushikwa na degedege barabarani, ndani ya gari, mikononi mwa dereva na mama mkwe.

Basi mwongozo upo. Lakini upo wapi saa tatu usiku? Mara nyingi umo ndani ya faili ya PDF yenye kurasa tele, kwenye kompyuta ya ofisini, na ofisi imefungwa. Au ulitumwa kwenye kundi la WhatsApp zamani, ukafunikwa na salamu za Krismasi na matangazo ya harambee.

Ninachopendekeza ni kitu chepesi. Kila hali ya dharura iwe na ukurasa wake mmoja kwenye tovuti, maandishi matupu, bila picha nzito wala nembo za wafadhili, ufunguke kwenye simu ndogo hata bando likiwa linaelekea kuisha. Kivinjari cha simu kinaweza kuuhifadhi ukurasa kama huo baada ya kuufungua mara moja, ukaendelea kusomeka mtandao ukipotea. Mstari wa kwanza useme dalili zinazotosha kumtoa mgonjwa hapo alipo. Unaofuata useme afanyiwe nini kabla hajaondoka. Kisha hospitali ya kwenda na nambari ya simu ya wodi yenyewe, na hiyo iwe nambari inayopokewa usiku. Tusiweke nywila. Ukurasa huo hauna jina la mgonjwa yeyote, hauna siri. Taarifa za mgonjwa zinalindwa na sheria ya 2019 ya ulinzi wa data, na mahali pake ni kwenye barua ya rufaa, si kwenye kundi la simu.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Nani ataandika kurasa hizi? Kule New Zealand, katika eneo la Canterbury ambako mji mkuu ni Christchurch, walianza kazi ya namna hii mwaka 2008, na baadaye maeneo mengine ya nchi hiyo na ya Australia yakaifuata. Teknolojia yao ilikuwa tovuti ya kawaida. Nguvu yake ilikuwa kwamba daktari bingwa wa hospitali na daktari wa familia walikaa meza moja, wakakubaliana nani anafanya nini kabla ya rufaa, ndipo wakaandika. Bingwa akiandika peke yake ataagiza vipimo ambavyo zahanati haina. Sisi wa vituoni tukiandika peke yetu, hospitali itampokea mgonjwa na kuanza upya kana kwamba hakuna aliyemgusa.

Kwetu kuna uzito zaidi. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha madaktari wa familia mwaka 2005, lakini bado ni wachache, na vituo vyetu vingi vinasimama kwa muuguzi na afisa wa kliniki. Ukurasa uandikwe kwa ajili yao na wao wawepo mezani. Tena tangu 2013 huduma za afya ziko chini ya kaunti, ilhali mgonjwa hajui mipaka. Anatoka Vihiga, Siaya au Homa Bay, anakuja Kisumu. Kila kaunti ikiwa na ukurasa wake unaosema lake, tutakuwa tumehamishia mkanganyiko kwenye simu. Kaunti za ziwa zishike ukurasa mmoja.

Na msiniambie kazi hii inawashinda watu wa huku. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, nje ya Eldoret, kilikuwa kinaweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kazi hiyo ilitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, na ndio uliochangia kuzaa OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa inayotumika leo katika nchi nyingi.

Kila ukurasa uwe na tarehe ya kupitiwa na cheo cha anayeusimamia. Wazee wa kazi mnakumbuka malaria: klorokwini iliondolewa 1998, ikaja SP (sulfadoksini na pirimethamini), na 2004 sera ikabadilika tena kuelekea dawa ya mseto ya AL (artemetha na lumefantrini), ambayo ilianza kufika vituoni 2006. Chati iliyobandikwa ukutani haikubadilika yenyewe. Tovuti hubadilishwa mara moja na kila kituo kikaona, mradi awepo mtu ambaye hiyo ni kazi yake rasmi, yenye saa zake na mshahara wake.

Kuhusu umeme na mtandao, najua swali linakuja, kwa hiyo nalijibu sasa. Chapisheni kurasa za dharura mzibandike chumba cha kujifungulia, na kila karatasi iwe na siku ya kubanduliwa iliyoandikwa juu kwa herufi kubwa. Mkuu wa zamu aikague kila mwisho wa mwezi, siku ile ile anayohesabu dawa. Na mimi ningeanza na presha ya mimba, kutokwa damu baada ya kujifungua, na mtoto mwenye malaria kali asiyeweza kunywa. Hizo kwanza. Kisukari na maumivu ya mgongo vitafuata.

Haya, nawasikiliza. Naomba waanze wanaofanya zamu za usiku.