Unanunua chenso (msumeno wa cheni) ya kwanza ya nyumbani? Tazama hii kabla hujatoa hela

Kamwene! Karibuni dukani, tuko Njombe mjini. Mnaona nimevaa koti mpaka shingoni na ni saa nne asubuhi, basi mjue baridi imeshafika. Na baridi ikifika watu wanakumbuka kuni, wakikumbuka kuni wanakuja hapa: "Fundi, nipe chenso nzuri." Nzuri ya kazi gani? Hapo kimya.

Leo naongea na mtu wa nyumbani tu. Una miti michache ya miwati nyuma ya nyumba, una parachichi unazipogolea baada ya kuchuma, au masika yamekuangushia mlingoti, yaani mkaratusi, kwenye njia ya kuingilia. Wewe unayepasua mbao kule shamba la miti la Sao Hill kutwa nzima, video hii siyo yako, na nadhani una mengi ya kunifundisha mimi.

Haya. Mezani nina mashine tatu. Sogeza kamera kidogo, kijana, wanaona kiwiko changu tu. Hapo. Hii ndogo ni Stihl MS 170, injini ya cc 30, baa, yaani huu upanga unaozungukwa na cheni, ya inchi 14. Hii ya katikati ni ya Kichina, aina ambayo wote mnaijua kwa jina la 5800, cc 58, baa ya inchi 20. Ya mwisho ni ya umeme, wati 2000, ya kuchomeka ukutani.

Mteja mgeni akiingia, mkono wake unakwenda moja kwa moja kwenye kubwa. Kila mara. Anaipiga piga mgongoni, anasema "hii ndiyo mashine." Mimi namwambia kitu kimoja: ibebe. Ishike kwa mikono miwili mbele yako, usawa wa kiuno, tuongee habari za nyumbani. Ikishajazwa mafuta na oili, na baa yake na cheni, hii 5800 inapita kilo 7. Hii ndogo mashine yenyewe ni kilo 4 hivi, bila baa. Dakika tatu zikipita mtu anaanza kuangalia ile ndogo kwa jicho la upendo. Mkono ukichoka baa inashuka, na ikishuka huchagui itagusa nini.

Sasa baa. Inchi 14 ni sentimita 35. Gogo la sentimita 30 unalimaliza kwa mkupuo mmoja, na miwati ya nyumbani mingi haifiki hapo. Baa ndefu maana yake meno mengi ya kunoa, cheni ya bei kubwa zaidi, na ncha iko mbali na macho yako. Ukiniuliza mimi, kwa kuni na kupogolea, inchi 14 inatosha, 16 ni mwisho. Nauza zote, kwa hiyo siyo kwamba nina chuki na kubwa.

Bei sitaji. Video inakaa miaka, bei haikai hata mwezi.

Kitu cha pili, na hiki ndicho naona watu wanaumia nacho: spea. Kabla hujauliza bei, geuza mashine uangalie mkia wa baa. Njoo karibu, kijana, karibu zaidi, washa taa ya simu. Mnaona maandishi yaliyogongwa hapa? Kuna namba tatu: hatua ya cheni, yaani nafasi kati ya viungo vyake, unene wa ulimi unaoingia kwenye mfereji wa baa, na idadi ya hizo ndimi. Hii ndogo ni inchi 3/8 ile nyembamba, milimita 1.3, ndimi 50. Hii 5800 ni inchi .325, milimita 1.5, ndimi 76. Piga picha kwa simu. Kisha nenda duka lingine kabisa, siyo hili, uulize kama wana cheni ya namba hizo na tupa yake ya duara: milimita 4 kwa hii ndogo, 4.8 kwa hii kubwa. Ukikuta mji mzima hamna, rudisha mashine mezani, hata iwe nzuri kama bibi harusi. Chenso isiyo na cheni ni mzigo wa stoo.

Na hapa niitendee haki 5800. Spea zake ziko kila kona: kabureta, plagi, kamba ya kuwashia, hata silinda, na kila fundi wa pikipiki ameshaifungua. Ubaya wake ni kwamba jina ni moja, viwanda ni vingi. Mbili zinazofanana rangi, moja inakaa miaka, nyingine nati zinaanza kulegea wiki hiyohiyo. Ndiyo maana hatununui kwa macho, tunawasha. Tutafika huko.

Hii Stihl ndogo, ya chungwa na nyeupe, nayo inaigwa sana. Nunua kwa wakala anayetambulika, dai risiti na waranti, angalia namba ya mashine iliyogongwa kwenye mwili. Ukiambiwa ni orijino na bei ni nusu ya ile ya wakala, unajua umeambiwa nini.

Ya umeme watu wanaidharau, mimi siidharau. Uko Dar, una mwembe mmoja na ukuta, jirani yuko mita tano: chukua ya umeme. Haina kuchanganya mafuta, haina kuvuta kamba, na wati 2000 kwa nusu saa mfululizo ni uniti moja ya LUKU. Ila waya wa kurefushia uwe mnene, milimita 2.5, siyo ule mwembamba wa kuchajia redio. Na siku ya mvua haitoki ndani. Na oili ya cheni inataka vilevile, usidanganyike na neno umeme.

Mafuta sasa. Hizi mbili za petroli hazina oili ndani ya injini, oili inakuja na petroli. Ukiweka petroli tupu, pistoni inakwaruza silinda na mashine inakwama. Kitabu cha hii ndogo kinasema 50 kwa 1, ukitumia oili yake. Nyingi za Kichina zinaandika 25 kwa 1, soma kitabu chako, usisome changu. Kupima ni rahisi: nenda duka la dawa, nunua bomba la sindano la mililita 20. Lita moja ya petroli, bomba moja, hiyo ni 50 kwa 1. Mabomba mawili, 25 kwa 1. Basi. Oili iwe ya tuu-stroku, siyo ile unayoweka kwenye gari. Tikisa dumu kabla ya kumimina, na changanya ya kutumia ndani ya mwezi, usiweke akiba ya Krismasi.

Tenki la pili, hili la mbele, ni la oili ya cheni. Najua mnaweka oili chafu iliyomwagwa kwenye gari. Najua. Ina vumbi la chuma, inakula pampu na baa, na inakurukia suruali. Weka oili safi ya cheni. Mashine nyingi tenki la petroli likiisha na la oili linakaribia kuisha, kwa hiyo jaza yote mawili kwa pamoja.

Tufungue pembeni, nataka uione cheni inavyokaa maana dukani wengi wanakufungia haraka haraka. Naanza na 5800. KABLA ya kugusa nati: breki nyuma. Huu mkono wa mbele, vuta kuelekea kwako mpaka usikie "tak." Narudia, breki nyuma kwanza, ndipo ufungue. Kwenye hii, mkanda wa breki umo ndani ya kifuniko. Ukifungua kifuniko wakati breki imefunga, mkanda unabana, na kifuniko hakitaingia tena kwenye ngoma ya klachi. Utasukuma, utagonga, utatukana. Nati mbili, toa. Kifuniko hiki, naweka hapa.

Cheni inazunguka sproketi, hii gia ya meno inayoisukuma, inapita kwenye mfereji wa baa. Makali ya juu yaangalie mbele, kuelekea ncha. Hapa, ona jino hili: sehemu kali inatazama kule. Ukivaa kinyume mashine inanguruma, mbao inatoa moshi, haikati. Kuna watu wanarudisha mashine dukani kwa sababu hiyo tu, tunageuza cheni, wanacheka, wanaondoka.

Sasa hiki kipini kidogo cha kukaza, kiingie kwenye tundu la baa. Kitundu cha chini, siyo hiki kikubwa. Kipini kisipoingia ukakaza nati, kinapinda. Nakirudisha kifuniko...

Ngoja. Hakiingii. Kijana, umegusa mkono wa breki uliposogea? Amegusa. Haya, afadhali, mmeona wenyewe na sikupanga. Ona mkanda ulivyobana hapa ndani, tundu limekuwa dogo. Usichukue nyundo! Weka kifuniko mezani, kishikilie imara, vuta huu mkono nyuma kwa nguvu. Vidole mbali na mkanda, springi yake haina huruma. Moja, mbili... tak. Umeachia. Sasa kinaingia chenyewe, ona. Kwa hiyo mara ya tatu nasema, breki nyuma kabla ya kufungua, na kifuniko kikiwa mezani hakuna mtu kukigusa, hata mtoto wa mjomba. Kwenye MS 170 breki imebaki ndani ya mwili wa mashine, huna shida hiyo. Ni sababu mojawapo inayonifanya niipende.

Kaza nati kwa mkono tu. Inua ncha ya baa juu, kaza skrubu ya cheni, ukiwa bado umeinua ncha kaza nati kwa spana. Cheni isining'inie chini ya baa, na uweze kuizungusha kwa mkono ukiwa na glavu. Yametosha.

Kuwasha. Mashine chini, sakafuni. Breki mbele safari hii, imefunga. Ndiyo, sasa tunaifunga, tusichanganyane: kufungua kifuniko, nyuma, kuwasha, mbele. Mguu wa kulia kwenye mshikio wa nyuma, mkono wa kushoto juu, weka choki, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi, vuta kamba. Ikikohoa, toa choki, vuta tena. Usiwashe ikining'inia mkononi kama wale wa mtandaoni, wana miguu ya akiba.

(Inawaka.)

Hapa ndipo unanunua au hununui. Muuzaji akikataa kuwasha, chukua nauli yako urudi nyumbani. Angalia mambo haya. Achia breki, usiguse resi: cheni isimame kabisa. Ikitembea yenyewe wakati injini inanguruma taratibu, warekebishe kwanza. Piga resi fupi, sukuma mkono wa breki mbele: cheni isimame papo hapo. Halafu elekeza ncha kwenye kipande hiki cha boksi, usiguse, piga resi... mnauona mstari wa oili kwenye boksi? Pampu ya cheni inafanya kazi. Boksi likibaki kavu, pampu imeziba au tenki ni tupu. Zima.

Nichukue chaki. Hii robo ya juu ya ncha, nimeipaka nyeupe. Isiguse mti, wala tawi lililojificha nyuma ya gogo. Ikigusa, mashine inaruka juu na kurudi usoni kwako, na hakuna mkono unaowahi. Ndiyo maana mkono wa kushoto unazungusha kidole gumba chini ya mshikio, na wewe unasimama pembeni kidogo ya mstari wa baa. Ukitaka kumwambia muuzaji kitu cha maana, omba cheni ya kupunguza kuruka. Ipo, hasa za hii ndogo.

Kwenye hela yako tenga pia za miwani, viziba masikio, glavu na buti ngumu. Suruali ya kinga ni ghali, najua, ila ile nyuzi ya ndani inajisokota kwenye sproketi na kusimamisha cheni. Mama zangu, kanga na skafu vibaki ndani ya nyumba. Baba zangu, ndala. Ndala! Juzi mtu amekuja kununua chenso na ndala, nikamuuzia buti kwanza.

Jambo la karatasi: kabla hujakata mti, hata ulioupanda mwenyewe, pita ofisi ya kijiji au mtaa, na ofisi ya misitu, TFS au ya halmashauri, uulize kibali cha kukata na usajili wa mashine. Ukikutwa na magogo huna karatasi, chenso ndiyo ya kwanza kuondoka. Na risiti ya dukani usiitupe, itaulizwa.

Basi ukifika nyumbani: tenki la kwanza kata matawi yaliyo chini tayari, usianze na mti uliosimama. Likiisha zima, acha cheni ipoe, ikaze tena maana mpya hutanuka. Usiikaze ikiwa ya moto, ikipoa itabana baa. Kunoa tunafanya video nyingine, nimeshatenga tupa tatu kwa ajili yenu.

Kijana anasema betri imebaki asilimia nne, na mteja huyo anaingia. Karibu mzee, shikamoo. Hapana, hiyo kubwa iache kwanza, njoo ubebe hii.