Ramani ya Gari Inakupoteza? Anza na Mshale

Karibu mtazamaji. Leo tunashughulikia ile skrini ya kwenye dashibodi inayokuambia "kata kushoto" wakati njia panda umeshaipita, au inayoonyesha gari likikatiza porini ilhali wewe uko juu ya lami. Wengi wakifikia hapo huizima wasiiguse tena, na wengine hukimbilia kununua redio mpya. Nakuomba subiri kwanza. Kifaa hiki umekilipia pale ulipolipia gari, na mara nyingi kosa lake linajulikana na linarekebishika.

Egesha gari mahali pa wazi, juu pasiwe na paa wala miti mizito, kisha vuta breki ya mkono. Magari mengi hufunga kibodi ya skrini pindi yanapoanza kutembea, kwa hiyo kazi yote tunaifanya tukiwa tumesimama.

Hatua ya kwanza: tazama mshale.

Fungua ramani bila kuweka safari yoyote. Kuza mpaka uione barabara ulipoegesha. Mfumo huu una kazi tatu: kujua gari liko wapi, kujua barabara zilizopo, na kuchagua njia. Hasira yetu huzichanganya zote tatu, na hapo ndipo watu wanapotengeneza kisichokuwa kibovu. Mshale ukiwa palepale ulipo lakini chini yake hakuna barabara, ramani ni ya zamani. Barabara ikiwepo na mshale ukawa mbali nayo, tatizo ni mapokezi ya setelaiti. Vyote viwili vikiwa sawa na bado unapitishwa vichochoroni, kagua mipangilio.

Kuna mtego hapa. Mifumo mingi huunasisha mshale kwenye barabara iliyo jirani hata kama gari haliko juu yake, ndiyo maana mkiwa kwenye barabara ya pembeni inayokwenda sambamba na barabara kuu, mfumo hudhani mko barabara kuu. Ili usidanganyike, ingia kwenye mipangilio utafute ukurasa wa hali ya GPS, ule unaoonyesha idadi ya setelaiti pamoja na latitudo na longitudo, yaani namba mbili zinazotaja mahali gari lilipo. Linganisha tarakimu hizo na za simu yako. Zikikaribiana, mshale hauna kosa. Nenda moja kwa moja hatua ya tatu.

Hatua ya pili: mapokezi.

Ili mfumo ujue ulipo, unahitaji kusikia setelaiti nne au zaidi kwa wakati mmoja. Setelaiti hizo za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, na mawimbi yake yakifika chini huwa dhaifu mno. Kitu kidogo tu huyavuruga. Chomoa chaja ya simu kwenye tundu la kiberiti, chomoa na kamera ya dashibodi, halafu rudi kwenye ule ukurasa uhesabu setelaiti upya. Zikiongezeka, umempata mchawi. Tinti yenye chembechembe za chuma nayo huziba mawimbi, hasa kama antena imefichwa chini ya dashibodi badala ya kuwa juu ya paa.

Kama betri ilikuwa imetolewa, au gari limelala muda mrefu, mfumo huanza upya kabisa kutafuta setelaiti. Orodha kamili ya setelaiti zote hurushwa polepole, huchukua dakika 12 na nusu kumalizika. Basi washa gari, liache uwanjani robo saa bila kugusa chochote. Wengi hukata tamaa dakika ya tatu.

Ndani ya handaki hakuna setelaiti, na mfumo huendelea kwa kuhesabu mzunguko wa magurudumu na kupima mgeuko wa gari. Ukishafunga tairi za kipimo tofauti na zile za awali, hesabu hiyo huharibika: unatokea upande wa pili na mshale bado uko ndani, au umeshakutangulia. Tafuta kwenye menyu sehemu ya kusawazisha umbali. Magari mengine hujisawazisha yenyewe baada ya kutembea kwa muda mahali pa wazi.

Na kama tarehe imerudi nyuma karibu miaka 20, usihangaike kuchomoa betri. GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza tena sifuri, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Vifaa ambavyo programu yake haikuandaliwa kwa hilo husoma tarehe vibaya, wakati mwingine miaka kadhaa baada ya hapo. Dawa yake ni programu mpya kutoka kwa mtengenezaji, basi.

Hatua ya tatu: ramani yenyewe. Hapa ndipo penye kero kubwa, na hapa nitakaa.

Ingia mipangilio, kisha mfumo, kisha toleo la ramani. Andika pembeni mwaka, toleo na jina la eneo. Jina la eneo lina uzito kuliko watu wanavyodhani: gari lililotengenezewa soko la nchi nyingine hubeba ramani za soko hilo tu, na si kila kifaa hukubali ramani za eneo lingine. Hakikisha hilo kabla ya kutoa hela. Vilevile fahamu kwamba kadi za kumbukumbu za magari kadhaa hufungwa na kifaa kimoja, hivyo kadi ya kuazima inaweza kukataliwa hata kama gari ni la aina ileile.

Ukishapata toleo sahihi, lipakue kwenye kompyuta, si kwenye simu. Chukua flashi tupu uifomati kama maelekezo ya gari lako yanavyotaka. Yakisema FAT32 (namna mojawapo ya kufomati), kumbuka mfumo huo haubebi faili moja linalozidi gigabaiti 4. Faili la ramani likiwa kubwa kuliko hapo, kunakili kutagoma katikati na utadhani flashi ni mbovu. Kama gari linakubali exFAT, tumia hiyo. Na mafaili yaweke juu kabisa kwenye flashi, usiyafungie ndani ya folda uliyoitengeneza mwenyewe. Gari likisema "hakuna data," mara nyingi ni hilo.

Sasa chomeka flashi. Injini iwe inaunguruma ili betri isiishe njiani, na gari liwe nje. Nasema nje kwa kumaanisha: usifanye hivi ndani ya gereji iliyofungwa, kwani moshi wa injini una kaboni monoksidi, huua bila kunusika. Asilimia ikisimama mahali pamoja muda mrefu, iache. Kuchomoa flashi katikati ndiko kunakoua skrini.

Hatua ya nne: mipangilio ya njia.

Kama umechagua "njia fupi zaidi," badilisha iwe "ya haraka zaidi." Njia fupi hukata kilomita mbili na kukutupa kwenye matuta. Kagua pia alama za kuepuka: barabara za kulipia, vivuko, barabara zisizo na lami. Alama moja iliyowekwa na mwenye gari wa kwanza inaweza kukuzungusha kila siku.

Hatua ya tano: kuandika unakokwenda.

Mifumo ya zamani inadai nchi, mji, mtaa, halafu namba, na ukikosea kimoja haioni kitu. Njia ya mkato ni kuingiza latitudo na longitudo. Lakini tazama kwa makini kisanduku kinataka nini. Digrii 6 na dakika 30 ni 6.5, si 6.30. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo kosa hilo linakupeleka kilomita 22 kutoka unakotaka. Simu nyingi huweka alama ya kutoa kwa maeneo ya kusini mwa ikweta, ilhali magari mengine hutaka uchague herufi S (kusini).

Sauti ikiwa ndogo, zungusha kitufe cha sauti wakati mwongozaji anaongea. Ukizungusha akiwa kimya unapandisha redio.

Ukimaliza, pita njia unayoijua vizuri, abiria awe ndiye anayetazama skrini na kuandika inapokosea. Kama bado mshale unapotea, nenda kwa fundi umeme wa magari, lakini usimwambie tu kwamba ramani ni mbovu, atakufungulia dashibodi nzima. Mwambie hivi: nilikuwa mahali pa wazi, nimechomoa chaja na kamera, nimesubiri robo saa; kisha umtajie setelaiti zilizoonekana ni ngapi. Aanzie kwenye waya wa antena.