Balozi, Kinanda na Mtoto wa Watu Asiyelala

BEKA: Haya wapendwa, tumerudi, na leo dada Zuu kaja na miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha.

ZUHURA: Niache mdogo wangu. Juzi nimekupigia saa nane usiku hukupokea.

BEKA: Nilikuwa nimelala! Kuna watu tunalala.

ZUHURA: Ndo maana nikakupigia, nikushirikishe. Wanaotusikiliza siku zote wanajua mi na usingizi hatuongei muda mrefu, sasa wiki hii nikasema basi, simu nageuza uso chini, naweka pleilisti imeandikwa kabisa muziki laini wa kulalia, taa nimezima, piano inadondoka taratibu, za watunzi wa zamani, Satie, Chopin, mkono ushalegea kabisa mpaka udenda unakaribia, mara programu ikanichagulia simfoni ya Haydn, kazi ndefu ya okestra ya mtunzi mwingine wa zamani. Namba 94.

BEKA: (anacheka) Acha wee. Ile ya kishindo.

ZUHURA: Ile ile! Sehemu ya pili inaanza kama mtu ananyata koridoni, halafu anarudia, safari hii chini zaidi, we umejiachia, halafu okestra nzima na ngoma kubwa, PAA! Nimekaa kitandani nashika shuka nauliza nani huyo.

BEKA: Lakini mwenyewe si ndo lengo lake kuamsha watu waliosinzia ukumbini? Ilipigwa London 1792.

ZUHURA: Hapana, hiyo watu wamemsingizia mzee. Griesinger, yule aliyeandika maisha yake, alimuuliza hilo hilo, Haydn akakataa, akasema alitaka tu kuwashtua watu na kitu kipya. Mi kanishtua, namheshimu, ila pleilisti ya kulalia haimhusu.

BEKA: Sawa, sasa jamani leo nimeandaa mambo matano ya kuondoka nayo kuhusu muziki wa kulalia, nimeyaandika kwenye karatasi, mnaona...

ZUHURA: Hawaoni, Beka, hii ni sauti.

BEKA: Mnasikia karatasi. La kwanza...

ZUHURA: Subiri, kabla ya la kwanza niwape ya Bach, mtunzi Mjerumani wa zamani, maana hiyo ndo baba wa yote. Kuna kitabu cha maisha ya Bach, kaandika Forkel 1802, anasema kulikuwa na balozi wa Urusi huko Saxony, Ujerumani, anaitwa Keyserlingk, mgonjwamgonjwa, usingizi hapati. Nyumbani kwake anaishi kijana mpiga kinanda, Goldberg. Basi usiku balozi akikosa usingizi, Goldberg anakaa chumba cha pili anampigia. Balozi akamwomba Bach amtungie kitu cha usiku huo, ndo zikatoka zile Goldberg Variations, aria moja, yaani kipande kifupi cha ala, halafu vipande 30 vinavyoizunguka, halafu aria inarudi. Bach kalipwa kikombe cha dhahabu kimejaa sarafu za dhahabu mia.

BEKA: Ngoja. Goldberg alikuwa na miaka mingapi?

ZUHURA: Kazaliwa 1727, kazi ikachapishwa 1741. Piga hesabu.

BEKA: Kumi na nne?! Mtoto wa miaka kumi na nne anaamshwa usiku wa manane apige kinanda ili mtu mzima alale? Na yeye alilala saa ngapi?

ZUHURA: Beka, mada ni muziki.

BEKA: Mada ni mtoto! Balozi kaagiza, Bach kapewa kikombe, na mtoto kapewa nini? Vile vipande vigumu kupita kiasi, mikono inapishana inapandana, na saa hizo macho hayafunguki.

ZUHURA: Wapo wanaosema hadithi yenyewe haijakaa sawa, maana kitabu cha noti kilivyochapishwa hakimtaji balozi popote, na kwa umri ule wanaona ni vigumu.

BEKA: Afadhali. Natamani iwe uongo, kwa ajili ya mtoto.

ZUHURA: Mi natamani iwe kweli. Ndo naweka hiyo aria na vipande vyake kila usiku, ile mpiga piano Glenn Gould aliyorekodi 1981, taratibu, dakika kama 51 nzima nzima. Ya 1955 anakimbia, dakika 38 kamaliza, hiyo ya kulalia hapana.

BEKA: Gould yule anayemung'unya huku anapiga? Unalala na mwanaume anamung'unya sikioni?

ZUHURA: Ananifariji.

BEKA: Huyo naye usiku halali, anafanya kazi. Kwenye hii hadithi yako hakuna hata mmoja anayelala! Goldberg halali, Gould halali, balozi halali...

ZUHURA: Balozi analala.

BEKA: Halali! Nimesoma Forkel mwenyewe, dada. Balozi hakuomba usingizi. Aliomba vitu laini ila vyenye uchangamfu kidogo, vimchangamshe kwenye usiku anaokesha. Yaani alishakata tamaa ya kulala, anataka mtu wa kukesha naye. Na huyo mtu ni mtoto.

ZUHURA: (kimya kidogo) Sawa, ila watu leo wanalala nayo.

BEKA: Wanalala kwa sababu wamezima taa na kuacha simu dakika arobaini. Weka hata feni.

ZUHURA: Hapo nakukatalia. Budapest walifanya utafiti, ulitoka 2008, wanafunzi 94 wenye shida ya usingizi, kundi moja muziki wa klasiki dakika 45 kila wakienda kulala kwa wiki tatu, kundi lingine kitabu cha kusikiliza, la tatu hawakupewa kitu. Wa muziki walilala vizuri zaidi, wa kitabu hamna. Na wa kitabu nao walikuwa wanasikiliza wakienda kulala, kama wa muziki. Eleza hapo.

BEKA: Kitabu unafuata stori, utalalaje wakati hujajua nani kaua? Halafu walijaza fomu wenyewe, nimelala vizuri, sijalala vizuri. Mi nakuletea wa chuo cha Baylor, Marekani, 2021, hao walipima mpaka mawimbi ya ubongo. Nyimbo zilizotolewa maneno, ala tupu, ndo ziliganda kichwani kuliko zenye maneno, mtu anaamka usiku kibwagizo bado kinazunguka. Kwa hiyo ubongo haujapumzika, unaendelea kupiga kinanda. Ndo Goldberg mwenyewe, kichwani mwako.

ZUHURA: Zile zilikuwa nyimbo za mtaani, watu wanazijua, ukitoa maneno kichwa kinayarudishia. Aria ya Bach haina maneno ya kurudishia.

BEKA: Na hiyo aria huijui? Umeisikia mpaka unamung'unya na Gould.

ZUHURA: Ndo maana inalaza! Najua inakwenda wapi, haina Haydn mbele.

BEKA: Ndo maana inaganda! Muziki weka jioni, unapiga mswaki, unakunja nguo, ukipanda kitandani zima.

ZUHURA: Nikizima kinabaki kichwa changu, Beka, na hicho kina kelele kuliko okestra. We hujawahi kulala na kichwa changu. Siongei kishabiki, nakwambia saa tisa usiku pale kilivyo.

BEKA: Nakuelewa dada. Ila zima.

ZUHURA: Sizimi.

BEKA: Taima basi.

ZUHURA: Wala taima. Ule ukimya wa ghafla ndo unaniamsha. Mtunzi Max Richter alitoa kazi ya zaidi ya saa nane, Sleep, 2015, kwenye maonyesho watu wanapewa vitanda badala ya viti, asubuhi wanaamka bado inapigwa. Nani kawaambia wazime?

BEKA: Na wanaopiga usiku kucha wanalala saa ngapi?

ZUHURA: Umeanza.

BEKA: Nauliza tu, hao angalau ni watu wazima. Jamani, naona mkono, zimebaki dakika mbili. Karatasi yangu.

ZUHURA: Sema la kwanza haraka.

BEKA: La kwanza ndo hilo la kuzima.

ZUHURA: Ruka.

BEKA: La pili, chagua yenye mwendo wa mapigo ya moyo uliotulia, 60 mpaka 80 kwa dakika, isiyopanda na kushuka gha... wananionyesha saa, basi, la tatu mpaka la tano nitaandika.

ZUHURA: Hutaandika. Mnaolala na muziki mpaka asubuhi tutumieni ujumbe wa sauti, nataka jeshi langu.

BEKA: Na wanaozima nao watume.

ZUHURA: Hao si wamelala?