Kijana Asiye na Karatasi

Mnanijua, wazazi wangu. Kila nikisimama hapa Mwanga, Kigoma, nazungumzia karatasi, vyeti na vitambulisho, na leo ni karatasi tena.

Vijana mliokaa nyuma, Tiraspol mnaijua. Septemba 2021 timu ya soka ya Sheriff walikwenda uwanja wa Bernabéu wakaifunga Real Madrid 2-1, bao la ushindi likiingia dakika za lala salama. Kwao ni Tiraspol, makao makuu ya Transnistria, ukanda mwembamba kati ya Moldova na Ukraine. Walijitangazia nchi 1990, wakapigana na Moldova 1992, na hadi leo hakuna mwanachama hata mmoja wa Umoja wa Mataifa anayewatambua. Bendera wanayo, bunge wanalo, hata pesa yao wanayo, tena zipo sarafu za plastiki: ya rubli moja duara, ya tatu mraba, ya tano ina pembe tano. Mtoto ananunulia mkate Tiraspol. Akivuka kwenda Chișinău, mji mkuu wa Moldova, hakuna duka linaloipokea pesa hiyo.

Sasa nisikilizeni. Sheriff wanafikaje Ulaya? Wanacheza ligi ya Moldova, nchi ileile ambayo watawala wao wanasema si yao. Klabu imepata njia! Na binti wa miaka kumi na saba je? Pasipoti ya kwao haimvushi popote. Basi familia inahangaikia ya Moldova, au ya Urusi, na binti anapangiwa yeye ni wa nani kabla hajajiuliza mwenyewe.

Mzee pale anatikisa kichwa: ya Ulaya yanatuhusu nini Kigoma? Yanatuhusu, baba. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hapa mkoani kwetu, ipo tangu 1996. Wapo waliozaliwa pale, wakasoma pale, leo wanalea watoto wao palepale. Na sisi raia wa mpakani? Kijana wa Buhigwe akifuatilia kitambulisho, maswali yanafika mpaka kwa babu. Bila namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, laini ya simu anasajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Mtaniambia usalama. Mpaka ulindwe, sijawahi kubisha. Lakini mtoto huyu hakuuchora yeye.

Nilitaka niguse shule za Kiromania kwa herufi za Kilatini, zilizofungwa kule Transnistria 2004, na gesi ya Urusi iliyokatika Januari 2025, nyumba zikakosa joto katikati ya baridi. Muda umekwisha.

Wenyeviti wa mitaa, msiondoke. Tuandike sasa hivi majina ya watoto wa kidato cha nne wasio na cheti cha kuzaliwa.