Kodi ya Mafuta na Pikipiki za Msituni: Kesi Mbili za Jimbo la Washington

Hamjambo, watazamaji wangu wa Kenya na popote mnaponifuatilia. Katika video iliyopita mliona pikipiki zenye matairi ya meno zikipanda vilima katika Msitu wa Jimbo wa Tahuya, hapa katika jimbo la Washington, Marekani, na wengi wenu mkauliza ni nani anayegharamia njia zile, ambazo zinatunzwa kuliko barabara nyingi za vijijini kwetu. Sehemu kubwa ya jibu ni kodi ya mafuta, na kodi hiyo imewafikisha watu mahakamani zaidi ya mara moja.

Mwaka 1944 wapiga kura wa jimbo hili waliongeza katika katiba yao kifungu kinachoagiza kwamba kodi ya mafuta ya magari iwekwe katika mfuko maalumu na itumike kwa shughuli za barabara kuu peke yake. Kifungu hicho kiliacha mlango mmoja wazi: sheria inaweza kuruhusu kodi irudishwe kwa aliyeilipa. Mkulima aliyechoma petroli shambani, kwa mfano, hujaza fomu na kudai fedha zake. Lakini mwendesha pikipiki anayechoma galoni mbili msituni Jumamosi moja, kisha asionekane tena huko hadi mwezi unaofuata, nani atamhesabia? Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1970 Bunge la jimbo limekuwa likizirudisha fedha hizo kwa mkupuo. Sheria huchukulia kwamba asilimia 1 ya kodi ya mafuta hutokana na mafuta yaliyotumika nje ya barabara kuu, na fungu hilo hupelekwa kwenye mpango unaojulikana kwa kifupi kama NOVA, ambao hutengeneza njia, maegesho na vyoo, na kugharamia elimu na ulinzi wa sheria huko msituni.

Ugomvi wa kwanza ulizuka pale watu wa pikipiki walipoona fungu hilo likigawiwa pia watembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Hoja yao inaeleweka kwa urahisi, kwani miguu haitumii petroli. Hata hivyo, utafiti uliofanywa mwaka 2003 kwa agizo la jimbo ulionyesha kwamba mafuta mengi yanayohusika huchomwa na magari ya kawaida katika barabara za vumbi za msituni, yakiwapeleka watu kupanda milima, kuwinda au kupiga kambi, na kwamba pikipiki zilitumia sehemu ndogo tu. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa iliwakatalia walalamikaji. Mimi nakubaliana nayo, kwa kuwa mtu huyo wa milimani naye alilipa kodi kituoni kabla ya kuvaa viatu vyake.

Kesi ya pili ndiyo inayonisumbua. Mwaka 2009, uchumi ukiwa umeporomoka na bajeti ya jimbo ikiwa na pengo kubwa, Bunge lilichota dola 9,560,000 kutoka mfuko wa NOVA na kuipa tume inayosimamia bustani za jimbo, kwa ajili ya uendeshaji na matunzo yake. Muungano wa waendesha vyombo vya nje ya barabara ulikwenda mahakamani, ukieleza kwamba katika sehemu kubwa ya bustani hizo pikipiki zao haziruhusiwi kabisa, hivyo haiwezekani kusema kwamba wamerudishiwa chochote. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Washington, ambayo majaji wake hawakuwa na kauli moja, ilisema kwamba Bunge lina uhuru mpana wa kuchagua namna ya kurudisha kodi, mradi walipaji husika wapate manufaa, na kwamba matumizi yale hayakuvunja katiba.

Sina pikipiki, na kelele zake msituni hunikera, lakini katika kesi hiyo naona walalamikaji walikuwa na haki. Ikiwa fedha zangu zitatumika kukarabati bustani ambayo chombo changu kinazuiwa langoni, basi nimechangia bustani, sikurudishiwa kodi, na kifungu cha 1944 kinabaki na nguvu kidogo sana. Kwa mwenendo huo, ulinzi halisi wa mfuko kama ule unahamia Olympia, makao makuu ya jimbo, katika wiki zile bajeti inapopangwa.

Ninyi mlioko Kenya mnaufahamu mvutano wa aina hii. Ushuru wa matengenezo ya barabara ulipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita mnamo Julai 2024, na magavana na wabunge wakaingia katika kesi juu ya Sh10.5 bilioni za mfuko huo. Huko mzozo ni kati ya ngazi mbili za serikali, ilhali hapa mlipaji mwenyewe ndiye aliyeishtaki serikali. Mwenye bodaboda anayelipa ushuru ule kila anapojaza tangi hakuwa upande wowote wa ugomvi ule, na ningependa kusoma maoni ya mawakili miongoni mwenu kuhusu nafasi aliyonayo kisheria ya kufungua kesi kama hii.