Tafuteni Mshono: Vyombo vya Kioo vya Warumi Vilivyopulizwa Ndani ya Kalibu

Naomba picha hiyo ibaki ukutani kidogo. Kikombe mnachokiona kina vishikio viwili na fremu mbili zenye maandishi ya Kigiriki. Upande huu imeandikwa "Ennion ametengeneza". Ukikigeuza, unasoma "Na akumbukwe mnunuzi". Fundi katia jina lake, halafu kamwombea dua mteja! Akina mama waliovaa khanga hapa wananielewa: chombo chenye jina lake kinanunuliwa kwa macho na kwa maneno pia.

Wageni wengi kwenye makumbusho huishia kwenye mapambo. Mimi nawaomba mtafute mshono.

Ufundi wa kupuliza kioo ulizaliwa mashariki ya Mediterania katika karne ya 1 KK. Mabaki ya majaribio ya mwanzo yamefukuliwa Jerusalem. Miongo michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 1 BK, mafundi wa pwani ya Siria wakaleta kalibu, yaani umbo lenye uwazi ndani linalokipa kioo sura yake. Fundi huchota donge la kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba, hulipuliza kidogo, kisha hulishusha ndani ya kalibu iliyofungwa kwa vipande viwili, vitatu au zaidi. Hapo sasa hupuliza kwa nguvu. Kioo kinatanuka na kuingia kila mfereji uliochongwa, kila herufi, kila jani la mzabibu. Vipande vikifunguliwa, chombo kinatoka na pambo lake. Lakini pale vipande vilipokutana kioo nacho kilipenya, kikaacha mstari mwembamba kama mkunjo wa nguo iliyopigwa pasi vibaya. Huo ndio mshono. Kwenye kazi za Ennion utausaka sana, maana aliufichia ndani ya pambo lenyewe.

Je, Ennion ndiye aliyepuliza? Wataalamu wanabishana. Mimi naona alikuwa mwenye kalibu. Jina limechongwa kinyume ndani ya kalibu, na yeyote mwenye mapafu mazima angeweza kulitoa kwenye kioo, hata kijana aliyeanza kazi jana.

Malighafi nayo ina hadithi. Pliny, mwandishi wa Kirumi, anautaja mchanga wa mto Belus, karibu na mji wa Akko, pwani ya mashariki ya Mediterania. Cha kuuyeyushia kilikuwa magadi kutoka Wadi Natrun, Misri. Ndiyo, magadi, ndugu wa haya tunayolainishia maharage, na jina la Ziwa Natron lina asili moja na la bonde hilo. Vioo vikawa vingi hadi Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, akaandika kwamba mjini Roma bilauri ilipatikana kwa sarafu ya shaba.

Picha ya pili, tafadhali. Kikombe hiki kilitoka Colchester, Uingereza, na kinaonyesha mashindano ya magari ya farasi. Juu yamepangwa majina ya waendeshaji wanne. Hierax, Olympae na Antilochus, kila mmoja anaambiwa "kwaheri", tena kwa mkato, herufi mbili tu. Cresces peke yake ndiye anayeamkiwa kwa heshima: huyo ndiye bingwa. Shabiki wa Cresces alikinywea ushindi. Shabiki wa Hierax sidhani kama alikinunua.

Jagi moja la Ennion lilipatikana Jerusalem, katika nyumba ya matajiri iliyoteketea mwaka 70, Warumi walipouangamiza mji. Moto uliulegeza ubavu wake ukapinda.

Sasa nimekuja na nusu ya kalibu ya plasta, niliichonga mwenyewe, msinicheke. Ipitisheni kuanzia kiti cha mbele. Ukiona herufi zimegeuka, hujakosea. Zisome kutoka kulia. Halafu pitisha kidole kwenye ukingo, pale nusu ya pili inapokaa. Nimeuchonga ukingo huo mara tatu na bado haujafunga sawasawa.